Pindo la Sentimita Nane

Kadi ilikuwa safi mno, na hilo ndilo lililomtia Mathilde Nabintu wasiwasi. Aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaigeuza, akaisogeza karibu na pua, akaisoma tena. Ilisema kwamba mtoto Cadeau Mushagalusa alizaliwa tarehe 9 Mei 1988, akabarikiwa mbele ya kanisa mjini Bukavu mwezi wa nane mwaka huohuo. Mhuri ulikuwapo. Saini ilikuwapo. Kilichokosekana ni uzee.

Mchungaji Alexis alikuwa amekaa kwenye benchi la kanisa lake la matofali, hapo kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mikono katikati ya magoti, akimtazama Mathilde kama mtu aliyeleta zawadi na anangoja kushukuriwa.

"Ulipata wapi hii, Pasteur?"

"Mu malle ya kanisa," alisema, akionyesha sanduku la bati kwenye kona. "Bintu bya zamani biko mule."

"Na hii ni ya zamani?"

"Ya 1988, dada Mathilde. Si unasoma?"

Mathilde alisoma kichwa cha kadi kwa sauti, taratibu, kama anayemsomea mtoto. "République Démocratique du Congo." Akaishusha kadi. "Pasteur, 1988 inchi yetu iliitwaka namna gani?"

"Zaïre," alisema mchungaji.

"Njo vile. Mi nilikuwa mu secondaire. Kila asubui tulikuwa tunaimba Zaïre mupaka sauti inakauka. Hii kadi ilichapishwa kisha vita, ukaijaza na bic yako juzi."

"Lakini ni kweli! Ule mutoto alikuwa mudogo, dada. Bantu bote hapa banajua. Mungu anajua."

"Mungu hatapanda ku kiti ya shahidi siku ya Ijumaa. Procureur, ule wa kushitaki, akigundua hii moja ya uongo, hata ile ya kweli hataiamini." Alimrudishia kadi. "Rudisha mu malle. Na usinionyeshe tena."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mchungaji huyu ilikuwa imeishia kwenye mstari wa kwanza wa kadi. Mathilde hakumchukia. Miaka minane alikuwa mpelelezi wa polisi Bukavu kabla ya kukimbia, na alikwisha kuona uongo wa kila aina. Huu wa huruma ndio uliomchosha kuliko wote, kwa sababu haumwachii mtu nafasi ya kukasirika.

Kazi yake ya sasa ilikuwa ya ajabu kidogo kwa mtu wa fani hiyo. Nani aliua? Ilijulikana. Aliua nani, wapi, kwa nini? Yote yalijulikana. Februari 2004, kwenye foleni ya pampu ya maji hapo kambini, Cadeau alimpiga Jérôme Ndayizeye kwa mpini wa jembe, baada ya Jérôme, aliyekuwa akisimamia foleni, kuimwaga ndoo ya shangazi wa Cadeau. Jérôme alifariki siku ya tatu. Cadeau hakukana hata neno moja. Mwaka 2006 jaji akamhukumu kifo, kwa kuwa enzi hizo sheria ya Malawi haikumwachia jaji nafasi ya kuchagua: ukitiwa hatiani kwa kuua kwa makusudi, ni kamba tu. Mwaka uliofuata mahakama ikasema adhabu ya lazima namna hiyo haifai, kila mtu apimwe kwa mambo yake. Lakini waliokwisha kuhukumiwa waliendelea kukaa ndani miaka mingine minane. Hakuna aliyenyongwa, na hakuna aliyeambiwa kwamba hatanyongwa. Sasa, Juni 2015, walikuwa wakirudishwa mmoja mmoja mbele ya majaji ili adhabu zao zipangwe upya. Zamu ya Cadeau ilikuwa Ijumaa. Leo ilikuwa Jumanne.

Wakili wake, Tiyamike Kachale, mama wa Kimalawi mwenye ofisi ya vyumba viwili Area 49 jijini Lilongwe, alikuwa amempa Mathilde kazi ya kutafuta kitu kimoja tu: umri. Aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka kumi na minane hahukumiwi kifo. Kadi ya kambi ilisema Cadeau alizaliwa 1984, kwa hiyo siku ya kosa alikuwa mtu mzima. Polisi waliinakili hivyo, jaji akaisoma hivyo, na Cadeau mwenyewe alipoulizwa alijibu hivyohivyo. Ikithibitika kwamba alikuwa mtoto, kifo kinaondoka mezani, na miaka kumi na moja aliyokwisha kukaa ndani ingeweza kuhesabiwa kuwa imetosha. Isipothibitika, Ijumaa jioni atarudi alikotoka, na huenda asitoke tena. Daktari mmoja wa Lilongwe alikwisha kuulizwa kama picha ya mifupa ingesaidia. Alitikisa kichwa: mifupa ya mtu mzima haisemi ilikomaa mwaka gani.

Basi Mathilde alitoka kanisani akaenda kwa aliyejua.

Ernestine Nsimire, shangazi wa Cadeau, alikuwa akichambua maharage kwenye ungo mbele ya nyumba yake. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kiongozi wa akina mama kanisani, mwenye kitenge kilichopigwa pasi hata siku ya kazi. Alimpa Mathilde kigoda, akampa maji, akampa pole ya safari. Kisha akafunga mlango wa uso wake.

"Mama Ernestine, Cadeau alizaliwa mwaka gani?"

"Soma ku carte."

"Nimesoma. Nakuuliza weye."

"Carte njo inasema. Mi ni nani niseme kupita carte?"

"Weye njo uliyemuleta. Baba yake na mama yake bakakufa kule Walungu, weye ukamubeba, ukafika naye hapa 2002. Mutu anajua siku ya kuzaliwa ya mutoto ya kaka yake."

Ernestine aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa mbali kuliko ilivyohitajika. Nyuma yake, kupitia mlango uliokuwa wazi, Mathilde aliona masanduku mawili mapya yakiwa yamepangwa ukutani na bahasha kubwa ya kahawia juu yake. Hakuna aliyekaa Dzaleka mwezi mmoja asiyeijua bahasha ile. Ni ya waliokubaliwa kuhamia Amerika, wanaongoja tu kupimwa afya na kupanda ndege.

"Mumepita medical?" aliuliza Mathilde.

"Tumepita. Mi na batoto bangu bane. Mwezi wa nane tunapanda ndege, Mungu akipenda. Miaka kumi na tatu nangoja, Madame Mathilde. Sasa unataka niende ku juge niseme nilidanganyaka? Bakisikia nilidanganya kwa moja, bataangalia dossier yote. Bataikata."

Mathilde alikunywa maji yake yote kabla ya kujibu.

"Mi sikusema ulidanganya, mama."

Mkono wa Ernestine ulisimama juu ya maharage. Hakika, neno hilo halikuwa limetoka mdomoni mwa mgeni wake. Akainuka, akachukua ungo, akaingia ndani, na safari hii akafunga mlango wa mbao.

Mathilde hakugonga. Alikwisha kupata jibu, ila lilikuwa jibu lisiloweza kupelekwa mahakamani. Alijua pia namna uongo ule ulivyofanyika, maana haukuwa wa Ernestine peke yake. Mwaka ule wa 2002 kulikuwa na uvumi kwenye foleni ya kuandikishwa kwamba watoto yatima wanatengwa na kupelekwa kulelewa na familia nyingine. Kwa hiyo watu waliwazeesha. Mtoto wa miaka kumi na minne alivishwa koti la marehemu, akaambiwa asimame wima na aongee kwa sauti nzito, akaandikwa kumi na minane. Mwenye kuandika alikuwa na watu mia mbili mbele yake na kalamu moja. Mtoto naye alipewa onyo moja tu: usibadilishe umri, hata siku moja, hata akuulize nani. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakupanga foleni ile.

Alikuwa ameanza kuelekea barabarani kutafuta kabaza, baiskeli ya kumfikisha kituoni, alipoitwa.

"We! We wa tribunal! Kuya."

Aliyeita alikuwa mwanamke mwembamba aliyekaa nyuma ya mafungu ya nyanya. Mathilde alimjua kwa picha ya kwenye faili. Irankunda, mjane wa Jérôme, Mrundi aliyekulia Uvira. Kesho yake ndiyo aliyopangiwa kuonwa, kwani familia ya marehemu nayo huulizwa, na Mathilde alikuwa akiiogopa siku hiyo kwa dhati.

"Njo weye unapita-pita juu ya ule mutoto?"

"Njo mi, mama. Nilikuwa nataka kukuona kesho, kwa heshima..." Akakatisha. "Umesema mutoto?"

Irankunda alipanga upya fungu la nyanya ambalo halikuwa limeharibika.

"Mi nilikuwa ku foleni siku ile. Nilikuwa nyuma ya bwana yangu, karibu hivi. Alianguka, na mi nikaangalia nani alimupiga. Naona mutoto. Alivaa suruali ya Noeli, ya chorale ya batoto, ya bleu na mustari mweupe ku mbavu. Magoti yake inatetemeka ndani ya ile suruali. Ile mustari njo ilikuwa inacheza. Mupaka leo nikifunga macho, si damu naona. Naona mustari."

"Ungeweza kusema hivyo mbele ya juge?"

"Hapana." Alisema bila hasira. "Miaka kumi na moja hakuna mutu alikuyaka kuniuliza nimelala namna gani. Sasa bamekumbuka, juu ya kumusaidia yeye. Siendi kule. Lakini umeniuliza hapa, na mi siwezi kuita mutu muzima kile nilionaka ni mutoto."

Mathilde alichuchumaa ili macho yao yawe sawa. "Ungepewa weye kuamua, ungetaka bamufanye nini?"

"Sijue. Siku zingine nataka akufe. Siku zingine nakumbuka ni ndoo. Bwana yangu alikufa juu ya ndoo ya maji, unaelewa?" Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Ile suruali Gaspard alishona. Bote ba chorale alibashonea yeye. Muulize."

Mathilde alitaka kusema pole, akaona ni neno dogo mno, akalisema hivyohivyo.

Fundi Gaspard alikuwa na cherehani tatu chini ya bati moja karibu na soko la kambi, na nyuma yake gunia la nailoni lililojaa madaftari ya shule. Aliposikia mwaka unaotafutwa, hakushangaa hata kidogo. Aliinamisha gunia, madaftari yakamwagika, akayapekua kama anayetafuta kitambaa cha rangi fulani.

"Mi situpake daftari ya vipimo," alisema. "Bakiliya banaenda Amerika, banapiga simu: Papa Gaspard, unishonee veste, utume. Bila daftari nitapima hewa? Noeli 2003... hii hapa."

Daftari lilikuwa limeliwa pembe na panya, lakini maandishi ya bic ya buluu yalisomeka. Mathilde hakwenda moja kwa moja kwenye ukurasa anaoutaka. Alianza mwanzo, kama alivyofundishwa. Tarehe zilifuatana bila kuruka, Oktoba hadi Januari. Hakuna ukurasa ulionyofolewa, hakuna jina lililobanwa pembeni. Kwaya ya watoto ilichukua kurasa mbili, majina kumi na tisa: Dany, Mamy, Douce, Raphaël, wengine. Jina la kumi na moja, Cadeau M. Kiuno 62. Urefu wa suruali 84. Na safu ya mwisho ilikuwa na namba moja kwa wote: 8.

"Hii nane ni nini, Papa Gaspard?"

"Pindo."

"Sentimita nane ya pindo? Ni kubwa."

"Kwa mutoto si kubwa. Angalia." Akafungua ukurasa wa kwaya ya watu wazima, wiki hiyohiyo. Safu ya mwisho yote ilikuwa 3. "Mutu muzima nafanya tatu, sababu miguu yake imeisha kukua. Mutoto nafanya nane. Mama yake atafungua kila mwaka, atashusha kidogo, na suruali itakula miaka tatu. Kitambaa ni yao, nikikata fupi bataniapiza."

"Na nani alikuambia Cadeau ni wa kukua? Carte yake ilisema miaka kumi na tisa."

Gaspard alicheka, meno mawili tu ya mbele. "Carte! Mi nashonea miguu, Madame, sishonee carte. Na ona hapa."

Kidole chake chenye sugu ya sindano kilionyesha pembeni ya jina la Cadeau. Kulikuwa na maneno mawili madogo na namba ambayo Mathilde alikuwa ameyachukulia kuwa doa: *tantine anaomba 10*.

"Tantine, shangazi yake? Mama Ernestine?"

"Nani tena? Alisimama hapa, akasema, Papa Gaspard, uongeze kumi, huyu anapanda kama mahindi ya mvua. Nikakataa. Pindo ya kumi inavuta suruali chini, inakuwa mubaya."

Mathilde alipiga picha kila ukurasa. Akamwomba Gaspard aandike kwenye karatasi kwamba daftari ni lake, mwandiko ni wake, na halijatoka mikononi mwake tangu 2003, kisha atie saini. Halafu akaomba kitu kimoja zaidi, utepe wake wa kupimia.

"Huu njo ulikuwa nao 2003?"

"Huu njo. Nilipewa Bukavu na mwalimu wangu."

Aliulaza juu ya rula ya chuma ya kukatia. Utepe wa kitambaa huvutika kwa miaka, na mwendesha mashtaka asiye mjinga angeuliza. Kwenye mita moja ulikuwa umezidi kwa sentimita moja na nusu. Mathilde aliandika hiyo pia: utepe uliovutika hupunguza namba, hauiongezi.

"Utaurudisha?" aliuliza Gaspard. "Bila ule, mi ni mukulima tu."

Jumatano saa nne asubuhi alikuwa gerezani Lilongwe, ambako Cadeau alikuwa ameletwa kungoja siku yake. Walimpa chumba chenye meza na dirisha moja, pamoja na askari magereza aliyeitwa Robert, mtu wa makamo, mpole, aliyekuwa akitafuna kijiti.

Cadeau aliinama kupita mlangoni. Mathilde alikuwa amesoma faili lake mara nne na bado hakutegemea kuona mtu mrefu kiasi kile. Alisalimia kwa mikono miwili, akakaa, akawa anangoja kama mtu aliyezoea kungoja.

"Mi ni Mathilde. Nafanya kazi na wakili yako. Nataka upimwe kama kwa fundi. Unakubali?"

"Bananishonea nguo?"

"Hapana. Ni kwa juge."

Hakumpima mwenyewe. Alimpa Robert utepe, akamwomba apime kiunoni hadi kwenye kifundo, asome kwa sauti, kisha apime tena. Robert alitema kijiti, akapiga magoti sakafuni akifanya kazi ile kwa makini kuliko Mathilde alivyotazamia. Mia moja na saba. Mara ya pili, mia moja na saba. Mathilde akamwonyesha picha ya daftari kwenye simu, na tarehe yake: Desemba 2003. Themanini na nne.

Robert aliangalia namba, akamwangalia mfungwa, akaangalia namba tena. Tofauti ilikuwa sentimita ishirini na tatu. Hakuna mtu wa miaka kumi na tisa anayerefuka miguu kiasi hicho akilala sakafuni na kula ugali wa nsima mara moja kwa siku.

"Anali mwana," alisema Robert kwa Kichewa, polepole. Alikuwa mtoto. Akachukua kalamu akatia saini kama shahidi bila kuombwa mara ya pili.

Mathilde aligeukia Kiswahili. "Cadeau, ulizaliwa mwaka gani?"

"1984."

"Umeona vipimo."

"Nimeona. Mi ni wa 1984."

"Nani alikufundisha?"

Cadeau alikuwa akitazama mikono yake juu ya meza, mikono mikubwa yenye kucha zilizokatwa vizuri.

"Ukisema ukweli, siku ya Ijumaa unaweza kurudi nyumbani," alisema Mathilde. Sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka. "Unaelewa? Ukisema hivyo tena mbele ya juge, unajifunga mwenyewe."

"Tantine ni muzima?"

"Ni muzima."

"Baliendaka Amerika?"

"Bado. Mwezi wa nane."

Cadeau aliitikia kwa kichwa taratibu, akipiga hesabu fulani ya kwake. "Basi mi ni wa 1984," alisema. "Mupaka mwezi wa nane."

Mathilde alitoka nje ya lango akasimama kwenye jua kwa muda. Alikuwa na hasira na hakujua amkasirikie nani. Mtu alikuwa amekaa ndani miaka kumi na moja, tisa kati ya hiyo chini ya kamba, akilinda uongo wa shangazi yake.

Alimpigia Wakili Kachale, akamsomea namba zote. Upande wa pili wakili alikuwa akiandika.

"Ni ushahidi mzuri," alisema wakili. "Mzuri sana. Lakini nisikilize kama mwendesha mashtaka. Nitasimama na kusema: fundi anasema mtoto, lakini mshtakiwa mwenyewe alisema mtu mzima, mwaka 2002, 2004 na 2006, na leo anasema hivyo tena. Jaji atasitasita. Mathilde, sitaki mtu aliyekisia umri tu. Nataka mtu aliyeusema ule uongo."

"Akiusema, huenda akapoteza safari yake na ya watoto wanne."

"Najua. Siwezi kumwahidi kitu. Wewe usimwahidi pia."

Mathilde alikata simu, akampigia Ernestine. Hakumwomba neno. Alimsimulia yaliyosemwa chumbani kuanzia mwanzo, bila kuongeza chumvi: mia moja na saba, mwaka 1984, Amerika, mwezi wa nane. Kisha akamwambia kwamba kesho saa tatu atakuwa kwa ofisa wa viapo, Old Town, nyuma ya soko la Tsoka, jengo lenye ngazi ya chuma. Atakuwa pale hadi saa sita. Akakata.

Saa tatu Alhamisi hakukuwa na mtu. Saa nne hakukuwa na mtu. Ofisa wa viapo, mzee wa Kimalawi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimuuliza mara mbili kama bado wanangoja. Saa tano kasorobo, ngazi ya chuma ililia, na Ernestine Nsimire akaingia akiwa na kitenge chake kilichopigwa pasi na kitambulisho cha kambi mkononi. Alikuwa peke yake. Hakuketi alipoonyeshwa kiti.

"Nikisema, bataikata dossier?"

"Banaweza," alisema Mathilde. "Sikudanganye, mama. Banaweza kuikata, banaweza kuiacha. Sijue."

"Batoto bangu bane."

"Najua."

Ernestine aliketi. Ofisa akaweka karatasi sawa, akaanza kuuliza kwa Kiingereza, Mathilde akitafsiri huku na huku. Jina. Uhusiano na mfungwa. Je, ni kweli mwaka 2002 ulieleza kwamba mtoto wa kaka yako alizaliwa 1984?

"Ni kweli."

Alizaliwa lini hasa?

"Tarehe 9 ya mwezi wa tano, 1988. Mi njo nilimupokea mukononi, mama yake hakuwa na mutu mwingine."

Kwa nini ulieleza vingine?

"Balisema banachukua bayatima. Nilikuwa nimezika kaka yangu, nimezika muke yake, nikasema huyu moja habatamuchukua. Nikamuvalisha koti ya baba yake. Nikamuambia, weye ni mutu muzima leo."

Kalamu ya mzee ilikwaruza. Alisoma alichoandika, Mathilde akatafsiri, Ernestine akaitikia kila mstari kwa kichwa. Ukurasa ulijaa hadi chini. Hicho ndicho alichokitaka Wakili Kachale, kimekamilika, na mzee akageuza karatasi na kumpa kalamu atie saini.

Ernestine aliishika kalamu lakini hakuandika.

"Haiyaisha," alisema.

"Inatosha, mama. Hii njo juge anahitaji."

"Haiyaisha. 2006, siku balimuhukumu, nilikuwa mule ndani. Benchi ya pili, karibu na dirisha. Juge alisema miaka yake, mukalimani akatafsiri muzuri, nikasikia. Nikasikia na ile ya kamba. Cadeau akageuka, akaniangalia. Nilikuwa naweza kusimama. Mulango ilikuwa wazi, hakuna mutu alinishika." Akaiweka kalamu mezani. "Niliangalia viatu vyangu."

"Anasema nini?" aliuliza mzee.

Mathilde aliutazama ukurasa uliojaa. Umri ulikwisha kuthibitika, na hili halikuongeza hata siku moja kwa faida ya Cadeau. Lingeongeza tu kitu kwenye bahasha ya kahawia, kibaya kuliko cha kwanza: si uongo wa mwaka 2002 wa mtu aliyeogopa, bali ukimya wa mahakamani. Angeweza kusema kwamba mama anashukuru, na kazi ikaisha hapo. Miaka yote ya upelelezi alikuwa hajawahi kutamani kutafsiri vibaya kama alivyotamani asubuhi ile.

"Muambie," alisema Ernestine. "Yote. Kama nilivyosema."

Mathilde akatafsiri, neno kwa neno, na mzee akavuta karatasi ya pili.